Friji Mbele ya Kikao

Mashitaka dhidi ya friji la Anastazia yalisomwa Jumapili mchana, uani, mshitakiwa mwenyewe akiwepo. Lilikuwa limekaa kibarazani palepale lilipozoea, jeupe, pana, la kufunua juu, likinguruma taratibu kama mzee aliyeshiba ugali, wala halikujua kwamba linasemwa. Wapangaji walikaa kwenye ndoo na viti vya plastiki. Kiti pekee chenye mikono alikikalia Hasnain, karani wa ghala la vioo la mjomba wake. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa nyumba, na alikuwa mwenyekiti kwa sababu hakuna mwingine aliyeupenda uenyekiti kama alivyoupenda yeye.

Watu wa miji mingine wanagombana, yakaisha. Wa Dodoma wanaitisha kikao. Hasnain alishinda ghalani akisikiliza Bunge redioni, na jioni alirudi nalo nyumbani, mtaa wa Kizota, kama mtu anayerudi na mkate. Katika nyumba ile hata zamu ya kufagia choo ilipigiwa kura, na aliyeshindwa alifagia kwa kufuata kanuni.

"Waheshimiwa," Hasnain alianza, "hoja iliyo mbele yetu ni uniti. Tumechanga Jumatatu. Leo Jumapili mita inalia. Mchango kama ule zamani ulitupeleka mpaka mwezi unakonda."

"Na si hilo tu," Zaitun alidakia. Zaitun alikuwa fundi cherehani na ndiye aliyeshika hela za LUKU, umeme wa kulipia kabla, za nyumba nzima. "Nimenunua kwa hela ileile, uniti zimekuja kiduchu. Nikapiga simu kuuliza. Naambiwa tumetoka kwenye watumiaji wadogo! Tumekula mno, tumepandishwa daraja, sasa tunauziwa uniti kwa bei ya wakubwa. Wakubwa gani hapa? Mimi? Au Joha na mashudu yake?"

Joha, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha kukamua alizeti na kurudi kila siku ananukia mafuta, aliguna tu.

Nyumba ile ilikuwa na mita moja na kanuni moja ya mchango, waliyoitunga wenyewe na kuipitisha kwa shangwe: kinachotoa joto kilipiwe, kinachotoa baridi kilipiwe, kinachotoa sauti kilipiwe. Pasi ya Zaitun na birika la Hasnain vilihesabiwa kwa joto. Televisheni ya Joha ilihesabiwa kwa sauti. Friji la Anastazia lilihesabiwa mara mbili, kwa baridi na kwa sauti, naye alilipa mara mbili bila kinyongo maana lilikuwa linamlipa. Visivyotoa joto, baridi wala sauti, kama simu na tochi, vilichajiwa bure.

Na pale ukutani, chini ya turubai, ilisimama bajaji mpya ya umeme ya Seth, mume wa Anastazia. Waya wake wa rangi ya chungwa ulikatiza ua mzima kwenda kwenye soketi ya kibarazani, na wapangaji walikuwa wamezoea kuuruka. Zaitun mwenyewe alijikwaa nao akiinuka kulinyooshea friji kidole. Bajaji haikutoa joto. Haikutoa baridi. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya mtu anayepiga mswaki. Kwa kanuni za nyumba ile, ilikuwa simu.

"Mtuhumiwa ni huyo hapo," Zaitun alisema. "Ananguruma usiku na mchana. Hata sasa mnamsikia anavyokula."

Watu wakanyamaza wasikilize, na kweli, friji likanguruma.

Anastazia hakuwa mjinga. Wiki ileile ya kwanza bajaji ilipoletwa, alikuwa amesimama mbele ya mita akakiona kitaa chake chekundu. Friji likiwa peke yake, kitaa kilikonyeza pole pole. Seth akichomeka bajaji, kilipepesa kama jicho lililoingia pilipili. Alielewa palepale, akanyamaza. Alikuwa anazikumbuka siku za bajaji ya petroli, Seth anarudi jioni, anatoa hela mfukoni, anazigawa: hii ya mafuta, hii ya mwenye bajaji, na ya nyumbani ni hadithi za njiani. Hii mpya ilikuwa imemrudishia mumewe mabega. Kuitaja mbele ya kikao ilikuwa sawa na kuchukua ugali mdomoni mwa mtoto wao Ruthu. Basi akajisemea, atalitetea friji lake kwa maneno mengine, na Seth atamsaidia.

"Friji hili lipo hapa tangu kabla Hasnain hajahamia," alisema. "Mbona zamani halikula?"

"Limezeeka," Zaitun akajibu. "Kitu kikizeeka kinakula zaidi. Mwangalie mjomba wangu."

Wakacheka. Joha akasema kwa aibu kwamba yeye anaona huruma, barafu zile za ubuyu zinamsaidia akitoka kiwandani na joto. Hasnain akamuuliza kama hiyo ni taarifa au ni mchango. Joha akasema ni huruma tu.

Ndipo Seth alipokohoa. Anastazia akamgeukia, na moyo wake ukatulia kidogo, kwa sababu mume akikohoa kikaoni ana neno.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," Seth alisema, akiangalia juu ya paa la jirani, "naunga mkono hoja."

Hasnain naye alishituka, lakini kanuni ni kanuni. "Wanaoafiki friji lizimwe waseme ndiyo."

"Ndiyo," akasema Zaitun.

"Ndiyo!" akasema Seth, kwa sauti ya kuitia abiria stendi.

"Wasioafiki waseme siyo."

Anastazia alifungua mdomo, lakini koo lilikuwa limekauka, ikatoka pumzi tu.

"Walioafiki wameshinda," Hasnain akasema, na Seth mwenyewe ndiye aliyekwenda kuchomoa. Friji likatetemeka mara moja, likanyamaza. Ua ukawa kimya hata wakasikika kuku wa nyumba ya tatu.

Jioni ile Anastazia alipakua chakula, akamsogezea mumewe maji ya kunawa, akakaa.

"Umesema ndiyo."

"Mama Ruthu, siasa hiyo, ielewe. Wangeendelea kupekua wangefika kwenye bajaji. Nimewapa friji washibe. Bajaji ndiyo inatulisha."

"Na friji linamlisha nani?"

"Sisemi halilishi. Lakini bwana, ni barafu tu."

Barafu tu. Zile barafu zilikuwa zimenunua sare ya Ruthu, zikanunua hilo godoro alilokalia Seth. Kila asubuhi aliloweka ubuyu na unga wake mweupe, akakoroga na sukari, akafunga vifuko, na saa sita mafundi wa kuchomelea wa Kizota walikuja na nyuso zao za masizi, wakigombea. Hakuwahi kuiita biashara, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza. Aliumia, na aliumia zaidi kwa lile neno dogo la mwisho kuliko kwa kura.

"Ungeniambia kabla," alisema. "Ningelizima mwenyewe kwa mkono wangu, Baba Ruthu. Nakuapia. Lakini umesema ndiyo mbele ya watu. Na umesema kwa sauti."

Seth akaminya tonge, akalitazama, akalirudisha sahanini. Halafu akalila.

*

Barafu za mwisho zilikuwa zimeanza kulegea, akazigawa bure, kwa kuwa kumuuzia mtu maji kwa jina la barafu hakuweza. Kesho yake mafundi wakaja na sarafu zao mkononi. Akawaambia hakuna. Keshokutwa wakaja wachache. Siku ya nne akamwona yule mchomeleaji mnene, mteja wake wa siku zote, anapita mbele ya geti akinyonya barafu ya mtu mwingine, na alipomwona Anastazia akaificha mgongoni kama mwanafunzi. Hilo lilimchoma. Bora angemsalimia nayo.

Friji likageuka kabati. Akaweka humo debe la unga wa mtama, mashati ya Seth na viatu vya Ruthu vya kanisani.

Uniti hazikuokoka. Wiki iliyofuata mita ikalia tena, na kikao kikaketi tena, na kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kunguruma ikabidi watafutane. Pasi ya Zaitun ikapigiwa kura. Akaanza kupiga pasi nguo za wateja kwa mkaa, akitiririkwa machozi na kumlaani kila mtu kwa zamu. Birika la Hasnain likafungiwa kabatini, naye mwenyekiti, kwa kuheshimu kanuni zake, akawa anakwenda kazini bila chai na akawa mkali mbele ya redio hata kwa mawaziri. Televisheni ya Joha ikaruhusiwa taarifa ya habari peke yake, na tamthilia akawa anasimuliwa kiwandani na wenzake, vibaya.

Waya wa chungwa ukaendelea kukatiza ua. Wakauruka.

Seth naye akawa mwema kupita kiasi, wema wa mtu aliyevunja kitu ambacho bado hakijaonekana. Alimpeleka Joha kiwandani bure. Alimbebea Zaitun vitambaa kutoka sokoni bure. Asubuhi alipotoka geti aliwasalimia wote kwa Kigogo, kwa furaha, "Mbukwenyi!", na kijiweni alijisifu mbele ya madereva wa petroli mpaka wakamchoka. "Nyie mnafuga ng'ombe wa pampu," aliwaambia. "Mimi yangu haili kitu. Inalala, inaamka imeshiba."

"Imeshiba nini?" mmoja aliuliza.

"Imeshiba usingizi."

Zaitun ndiye aliyekata mzizi. Ijumaa moja mita ilipolia, alisimama uani akatangaza kwamba hachangishi tena hata senti mpaka mla uniti apatikane. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," alisema. "Kuna mtu humu ana jiko la koili chini ya kitanda, na namngoja." Jioni hiyo umeme ukaisha, nyumba ikaingia giza, na bajaji ya Seth ilikuwa imerudi ikiwa imebakiwa na kiasi cha kufika dukani na kurudi.

Seth akamfuata mkewe jikoni, akanong'ona. "Mama Ruthu, nipe hela kidogo ya zile barafu, tununue uniti kimyakimya."

Anastazia akachochea moto. "Friji limezimwa, Baba Ruthu. Hela itatoka wapi?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwambia mwenzake saa.

*

Jumamosi Seth akatoka hivyohivyo, akijipa moyo kwamba safari fupi mbili tatu hazitamwangusha. Ya kwanza ilikuwa fupi kweli. Ya pili ilikuwa ya Bi Ikram, mpishi wa keki, aliyesimama kando ya barabara na keki ya harusi ya ghorofa tatu, kila ghorofa kwenye boksi lake, nyeupe, yenye maua ya waridi ya krimu. Harusi ilikuwa saa kumi, ukumbi upo upande wa pili wa mji. Mtu mwenye akili timamu angesema hapana. Lakini nauli ilikuwa ya keki, si ya mtu, na Seth akasema, "Panda, dada."

Kabla ya kuvuka reli, kwenye kale kamwinuko ambako hata baiskeli haikaoni, bajaji ikapunguza mwendo, ikapunguza tena, ikasimama kwa adabu. Seth akakanyaga. Akatikisa usukani. Akashuka akaizunguka.

"Imeharibika?" Ikram aliuliza.

"Imepumzika."

Jua la Dodoma halina utani na krimu. Ikram alifungua boksi la juu, akatoa sauti ndogo, akalifunga. Madereva wawili wa kijiweni wakapita, wakapunguza mwendo kwa makusudi. "Seth! Iimbie ilale vizuri!" "Au njaa? Mpe uji!" Wote walikuwa wamepakia, na hata wasingekuwa wamepakia Seth asingewaomba. Ikram akaanza kulia. Bibi harusi ni mtoto wa watu, alisema, jina lake lote liko kwenye keki hii. Na Seth, kwa kuwa alikuwa na moyo na mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko kumbukumbu yake, akamwambia, "Usilie, dada. Kwangu si mbali. Mke wangu ana friji kubwa, lile la kufunua juu. Tuipoze, nitafute usafiri."

Alikuwa ameshaisukuma bajaji hatua kadhaa ndipo akakumbuka. Lakini Ikram alikuwa amekwisha kufuta machozi, na mwanamke aliyefuta machozi huwezi kumwambia ayarudishe.

Anastazia alikuwa kibarazani akichambua mlenda alipoona mumewe anaingia getini kinyumenyume, shati limelowa, anavuta bajaji kama mtu anayevuta punda mkaidi, na nyuma yake mama mmoja anatembea na boksi kifuani kama amebeba mtoto mchanga.

"Mama Ruthu," Seth alihema, "fungua friji."

"Friji lipi?"

"Lako."

"Lile lililopigiwa kura?"

Ikram aliwatazama wote wawili bila kuelewa. "Dada, naomba. Keki inayeyuka."

Anastazia akainuka. Mbele ya mgeni akafunua friji, akatoa debe la unga, akatoa viatu vya mtoto, akatoa mashati ya mumewe moja moja na kumtundikia begani. Ndani mlikuwa na joto la mfuko wa koti. Ikram aliingiza mkono, akautoa, akamtazama Seth kwa namna iliyomfanya Anastazia, pamoja na yote yaliyopita, amwonee mumewe huruma.

"Umeme umekatika?" Ikram aliuliza.

"Umeisha," Zaitun alisema kutoka mlangoni kwake, pasi ya mkaa mkononi. "Uliliwa."

"Namba ya mita ni ngapi? Nisomee, nanunua sasa hivi."

Zaitun aliijua namba kwa kichwa kama wengine wanavyojua zaburi. Ikram akanunua kwa simu, Zaitun akabonyeza, mita ikakubali. Anastazia akachomeka plagi, na friji likatetemeka, likakohoa, likanguruma. Hakujua kwamba alikuwa ameikosa sauti ile kiasi kile. Ikabidi ajifanye anapanga maboksi, ili wasimwone uso.

Ingeishia hapo, Seth angepona. Lakini mtu aliyeaibika hupenda kufanya jambo la ziada. "Wakati inapoa," alisema, "ngoja nami niichaji kidogo, nimfikishe mwenyewe dada yetu." Akavuta waya wa chungwa, akauchomeka kwenye soketi ya pili ya palepale.

Pah! Siku zote vilivumiliana, lakini leo friji lilikuwa linaanza na joto na bajaji imekauka kabisa, swichi kubwa ikakata. Friji likanyamaza.

"Nini tena?" Zaitun akafoka, akairudisha. Seth akachomeka. Pah!

Joha alikuwa ametoka zamu ya asubuhi, bado na vumbi la alizeti kwenye nywele. Alikuwa amesimama karibu na mita, na hakuwa na nia mbaya na mtu. "Hebu, kaka Seth," alisema, "chomoa friji, uchomeke hiyo yako peke yake." Seth akafanya. "Mh! Zaitun, njoo uone kitaa kinavyokimbia. Haya chomoa, chomeka friji." Seth akafanya. "Kimetulia. Rudisha yako." Seth akarudisha. "Chomoa." Akachomoa. Alikuwa amepiga magoti kati ya plagi mbili, mashati yake bado begani, anatii kama kuruta.

"Kwani kaka," Ikram aliuliza kwa wema wote, "ikiwa imekauka hivi inajaa kwa muda gani? Kama ni kidogo nisubiri."

Na Seth, dereva mkweli kwa abiria wake, akajibu kabla hajafikiri. "Hapana, dada, usisubiri. Hii inataka umeme wa usiku kucha."

Zaitun aliiweka pasi chini pole pole.

"Usiku kucha," alisema. "Kila siku?"

Seth alitazama plagi iliyokuwa mkononi mwake kana kwamba kuna mtu amempa ashike.

*

Hasnain aliitwa kwa simu, akaacha vioo vya watu ghalani, akaja kwa bodaboda. Kikao cha dharura kiliketi saa nane mchana, keki ikiganda kwa utulivu kibarazani na Ikram akiwa amepewa ndoo yake pembeni, kwenye jukwaa la wageni, kama alivyoelezwa na mwenyekiti. Aliambiwa anaweza kusikiliza lakini asipige makofi.

Zaitun hakutumia maneno mengi. Mkaa ulikuwa umemchosha. Hoja yake ilikuwa kwamba kuanzia leo bajaji ile isichomekwe tena ndani ya geti hili, na kwamba Mzee Dhirajlal, mwenye nyumba, apigiwe simu aambiwe.

"Da Zaitun," Seth aliomba, "nitakula nini? Kuna mkopo. Kuna mtoto."

"Mkuki kwa nguruwe," Zaitun alimjibu. "Mimi nimekula moshi. Mkeo umemlia friji. Sisi hatuna watoto?"

"Wanaoafiki waseme ndiyo," Hasnain alisema, na sauti yake haikuwa na raha ya siku zote.

"Ndiyo," akasema Zaitun.

"Ndiyo," akasema Joha, akiangalia chini. "Samahani, kaka."

"Wasioafiki?"

"Siyo." Sauti ya Seth ilikuwa nyembamba kama uzi.

Hasnain akageuka. "Mama Ruthu, hatujakusikia."

Watu wote wakamtazama Anastazia, na hakuna hata mmoja ambaye angemlaumu. Neno lilikuwa tayari mdomoni, fupi na tamu. Alimtazama mumewe. Seth hakumwangalia kwa kumsihi, wala hakukonyeza. Alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, magoti yana vumbi, anangoja kupigwa kwa kitu alichokichonga mwenyewe. Anastazia alikuwa na hasira, tena nyingi, na hakutaka kuipunguza. Lakini hasira yake ilikuwa na Seth. Haikuwa na bajaji. Kumwona mtu mzima anasukuma kazi yake barabarani huku wenzake wanacheka, hilo hakulifurahia hata kidogo, ingawa alijaribu.

"Siyo!" alisema. Alikuwa amekulia kwa wafugaji, upande wa Mvumi, akiita ng'ombe ng'ambo ya korongo, na safari hii koo halikumwangusha. Ikram akaruka kwenye ndoo yake. Kuku wakatawanyika.

Hasnain akajipangusa sikio. "Kwa... kwa kusikiliza sauti, wasioafiki wameshinda."

"Sijamaliza, Mwenyekiti. Bajaji hainyweshwi tena kwenye mita hii ya wote. Itakuwa na mita yake. Nitaiomba mimi, nitailipia mimi, nina akiba ya barafu kwenye kikoba. Kwa jina langu. Na friji langu litahamia humo. Nyie mrudi kwenye udogo wenu, mchemshe chai, mpige pasi. Mzee Dhirajlal nitamsalimia mwenyewe, shikamoo yangu anaijua. Kwa sharti moja. Baba Ruthu asimame aseme."

"Niseme nini?"

"Unakijua."

Seth akasimama. Akavuta shati, akakuta lina mashati mengine juu yake. "Waheshimiwa. Napenda kusema kwamba friji la mke wangu... halikuwa na kosa. Kulitokea changamoto za kimfumo..."

"Futa kauli," Hasnain alisema.

"Nimefuta." Kisha akamgeukia mkewe, si mwenyekiti. "Kosa ni langu. Nilijua. Siku ile nikisema ndiyo, nilijua."

Hakuna aliyeomba mwongozo. Anastazia aliinamia mlenda wake, akaendelea kuchambua majani ambayo yalikuwa yamekwisha kuchambuliwa.

Keki ilitoka saa tisa, imekaza, imepoteza waridi moja tu, kwenye bajaji ya petroli ya dereva aliyecheka kutoka getini mpaka barabarani.

*

Mzee Dhirajlal alikubali, akataka tu ukuta wake usitobolewe ovyo. Mita mpya ikafungwa pembeni mwa ile ya zamani, na fundi akawaonya: waya wa kibarazani ni mwembamba, mpaka ubadilishwe, friji na bajaji visile pamoja. Kimoja kimoja.

Jioni ya kwanza Seth alirudi mapema, akafunika bajaji, akaja na waya wake kibarazani. Friji lilikuwa linanguruma. Anastazia alikuwa kwenye mkeka na sufuria la ubuyu mbele yake. Habari zilikuwa zimeshawafikia mafundi, na yule mnene alikuwa amepita kuagiza za watu kumi, bila kumtazama machoni.

"Mama Ruthu, nipe namba ya mita, ninunue uniti."

"Namba ninayo mimi. Lete hela, nitanunua."

Akatoa, akampa. Akasimama. "Basi naomba soketi."

"Barafu zigande kwanza."

"Zitaganda saa ngapi?"

"Sijui. Nyingine hata sijazifunga."

Seth alitazama friji, akatazama bajaji, akatazama jua lililokuwa linakwenda zake. Alikuwa na abiria wa alfajiri wa kwenda stendi. Angeweza kupandisha sauti. Hapakuwa na mtu uani. Badala yake alivua viatu, akanawa mikono kwenye ndoo, akakaa mkekani upande wa pili wa sufuria na kuvuta fungu la vifuko.

"Nafungaje?"

"Usijaze mpaka juu," Anastazia alisema. "Ikiganda inavimba."

Cha kwanza kilimpasukia mapajani. Cha pili akakifunga vizuri, akamwonyesha. Anastazia alikigeuza, akakikagua, akakiweka pamoja na vyake.